Rangi za Vyumba vya Wageni

Safu hii kwa desturi hushughulika na nauli za vyombo vya baharini, bei ya samaki na mwenendo wa idara zinazotuhudumia. Leo tumeamua kuzungumzia rangi za kuta katika vyumba vya kulala wageni. Tunajua wako watakaotabasamu, wakadhani tumeishiwa na mambo. Tunawaomba wasigeuze ukurasa upesi. Visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nchi za nje katika mwaka 2023, na riziki ya maelfu ya watu wetu imo ndani ya vyumba hivyo. Katika hali hiyo rangi si pambo tu. Ni fedha, ni uzima wa nyumba, na wakati mwingine ni uzima wa watoto wa mafundi wanaoipaka.

Jambo lenyewe tulikutana nalo mbali na bahari. Mapema mwaka huu tulialikwa arusini Kerenge, wilayani Korogwe, katika mkoa wa Tanga. Mwenyeji wetu huko ni fundi rangi. Kwa miaka kumi na minne alipaka vyumba vya mahoteli ya Unguja, kaskazini na mashariki mwa kisiwa, kisha akarejea kwao na akiba yake. Akiba hiyo, pamoja na mkopo alioupata kwa kuweka rehani shamba la marehemu baba yake, ameizika yote katika nyumba ya wageni ya vyumba vinane kando ya barabara. Siku ya pili ya arusi alituita pembeni akatuonyesha makopo ya rangi yaliyopangwa barazani. Yote yalikuwa ya buluu, ile buluu nzito ya maji ya kina.

"Ndugu zangu," alituambia, "nyinyi mnakaa na wageni mwaka mzima. Niambieni kweli, mgeni anapenda rangi gani?"

Tulimjibu bila kusita kwamba amechagua vyema, mgeni anapenda buluu. Wala hatukuwa tukibahatisha. Mwaka 1941, huko Uingereza, mtaalamu wa saikolojia Hans Eysenck alijumlisha majibu ya watu zaidi ya 20,000 yaliyokusanywa katika chunguzi mbalimbali, akazipanga rangi kwa kadiri zinavyopendwa. Buluu ilitangulia, ikafuatiwa na nyekundu, kijani, zambarau na chungwa, na manjano ikashika mkia. Tena mwaka 2006 watafiti wawili, Cary Countryman na SooCheong Jang, walichunguza kumbi za mapokezi za mahoteli, wakaona kwamba rangi ndiyo iliyogusa zaidi maoni ya mgeni, kupita hata mwanga na mtindo wa mapambo. Tulimweleza mwenyeji wetu haya yote kwa majivuno kidogo, kama ilivyo kawaida ya watu wa magazeti wakipata msikilizaji.

Alitusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza, kisha akafungua mlango wa chumba cha kwanza, ambacho alikuwa amekwisha kukipaka kabla ya mvua za masika. Ukuta ulikuwa umetoka malengelenge kama ngozi iliyounguzwa na maji ya moto. Karibu na sakafu rangi ilikuwa ikibanduka vipande vipande, na palipobanduka paliota unga mweupe wa chumvi. Chumba kizima kilinuka ukungu. Fundi huyu ni hodari, na kazi yake tumeiona kwa macho yetu kisiwani. Kilichomponza ni haraka. Mkopo ulikuwa unadai, naye akapaka rangi ya mafuta juu ya lipu iliyokuwa bado na maji ndani yake, katika kuta za matofali ya kuchoma zinazonyonya unyevu kutoka ardhini. Ukuta ulitaka kupumua, rangi ikauziba pua.

Hapo tulinyamaza, kwa maana ugonjwa ule tunaujua. Msomaji anayekaa Shangani, Hurumzi au Malindi hana haja ya kusafiri hadi Korogwe ili auone. Aangalie tu ukuta wa chumba chake mwenyewe.

Yafaa tukumbushane jinsi kuta hizi za Mji Mkongwe zilivyojengwa. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na mawe hayohayo. Yalichomwa juu ya lundo la magogo, yakazimwa kwa maji, na chokaa ikaachwa ikae na kukomaa kabla ya kuguswa na mwashi. Ikishapakwa ukutani chokaa huvuta hewa ukaa na pole pole hurudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa awali. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi. Ukungu hauupendi, kwa sababu chokaa ni kali. Kila mwaka au kila baada ya miaka michache mwenye nyumba hupaka mkono mwingine wa chokaa, na shughuli imekwisha. Mtu akija akaukandika ukuta huo kwa saruji, kisha akaufunika kwa rangi ya mafuta au ya plastiki, maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea. Huhamia juu yakapanda na chumvi yake, au hurudi ndani yakaozesha ncha za boriti zinazobeba dari. Mwenye hoteli huona rangi imebanduka, akaamuru ipakwe tena, mara hii nzito zaidi, na kila mkono mpya wa rangi humzidishia ukuta maradhi.

Serikali haikulala katika jambo la Mji Mkongwe. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ulitayarishwa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kutolewa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini macho ya wengi wetu, wenye nyumba, mafundi na hata wakaguzi, huelekea nje. Tunabishana juu ya milango ya kuchonga, baraza na madirisha, na mambo hayo yanastahili kubishaniwa. Tukishavuka kizingiti twaona kwamba ndani ni hiari ya mwenyewe, achague rangi kama achaguavyo pazia. Hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu ukuta ni mmoja, una uso wa nje na uso wa ndani, na maji hayaulizi kibali.

Atauliza msomaji kama basi tunataka mahoteli yote yawe meupe kama sanda. Hasha. Wazee wetu hawakuwa watu wa kuogopa rangi. Tazama nyumba za kale za Lamu, zenye kuta zilizopambwa kwa zidaka na kupakwa lipu laini ya chokaa iitwayo niru. Nyumba zile zina madirisha machache, na mwanga huingilia kiwandani, yaani ule uwanja mdogo wa ndani usio na paa, kisha husafiri kutoka chumba hadi chumba mpaka kufika ndani kabisa. Ukuta uliopakwa chokaa mpya hurudisha takriban sehemu nane katika kumi za mwanga unaouangukia. Mwashi wa Lamu hakuwa na chombo cha kupimia, lakini alijua kwamba kuta zikipakwa rangi ya giza mwanga utafia njiani na mwenye nyumba atawasha taa mchana. Basi aliuacha ukuta mweupe.

Rangi aliitia katika vitu. Ndani ya zidaka zilipangwa sahani na bakuli za kutoka China, buluu juu ya nyeupe, na hata makaburi ya kale ya pwani yetu yalipambwa kwa vyombo vya namna hiyo. Kitandani palitandikwa mkeka wa ukili uliotiwa rangi nyekundu, zambarau na kijani, kazi ambayo wanawake wa Pemba wanaifahamu kuliko sisi tunaoiandika. Bi arusi alivishwa kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Vitu hivi vyote vina sifa moja, kwamba vinaondoka mahali pake. Mkeka huanikwa juani, kanga hufuliwa, sahani hupanguswa. Chakavu hutupwa na kipya hununuliwa, na ukuta hauna habari. Rangi ilipohamishwa kutoka kwenye vitu vinavyoondoka ikabandikwa kwenye ukuta usioondoka, gharama nazo zilihamia ukutani.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Katika Kiswahili rangi zenye maneno yake asilia yanayokubaliana na ngeli ni tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Twasema ukuta mweupe, kitambaa cheupe, nyumba nyeupe. Nyingine tumeziazima kutoka kwa vitu vyenyewe. Manjano ni kiungo cha pilau, zambarau ni tunda, kijivu kimetoka jikoni penye jivu, kahawia imo kikombeni, na kijani iko mtini. Buluu imetufikia na wageni, na samawati imeshuka kutoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Si kwamba babu zetu hawakuiona bahari. Pengine waliiona mno, hata wasione haja ya kuipaka ndani ya nyumba.

Turudi kwenye mahoteli ya leo. Katika miaka ya 1990, pale Hurumzi, Emerson Skeens, Mmarekani aliyefariki mwaka 2014, na mwenzake Thomas Green, walifungua hoteli katika jumba la kale na kuvipa vyumba vyake rangi nzito na vitambaa vya fahari, kila chumba na sura yake. Wako waliosema hayo ni maigizo ya usultani. Sisi twaona kwamba angalau mtu aliyelala mle hakuweza kusahau yuko Zanzibar. Siku hizi ukitembea kando ya fukwe utakuta vyumba vingi vya rangi ya mchanga, kuta za mchanga, mapazia ya mchanga, mito ya mchanga, na picha ya mnazi ukutani ilhali mnazi wenyewe uko dirishani. Chumba cha namna hiyo ungeweza kukikuta Bali au Mexico bila kubadilisha hata mto mmoja. Hatuichukii rangi ya mchanga, nayo ni tulivu na haina makosa. Twashangaa tu kwamba mtu huleta rangi kwa meli kutoka mbali ili ukuta wake ufanane na ufuo alioukuta hapo hapo.

Rangi ya mashuka ni habari nyingine. Mashuka meupe yalikuwapo mahotelini tangu zamani, lakini kitanda cheupe tupu, kuanzia mto hadi blanketi, kilienea zaidi baada ya kampuni ya Westin ya Marekani kutangaza mwaka 1999 vitanda vyake ilivyoviita vya mbinguni. Sababu yake ni nzuri. Nyeupe haifichi uchafu, na mgeni akiiona safi huamini kwamba ni safi kweli. Inaweza pia kuchemshwa na kutiwa dawa bila kuharibika. Hoja hiyo inasimama palipo na maji ya kutosha na mashine za kufulia. Kerenge tulimkuta mke wa mwenyeji wetu akifua kwa mikono shuka nyeupe zilizokwisha kugeuka rangi ya chai, kwa sababu vumbi la kule ni jekundu na haliondoki kirahisi. Alituuliza, bila ya kuinua uso, kama huyo aliyeamua kwamba mgeni apende nyeupe amewahi kufua hata shuka moja.

Swali hilo lilitufanya tuutazame upya uchunguzi wa Eysenck. Wale watu wake zaidi ya 20,000 waliulizwa wapendacho macho yao. Hawakuulizwa watalala wapi, wametoka wapi, na nani atapangusa ukuta baada yao. Wageni wa Kerenge ni dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha na anataka chumba cha giza alale mchana, mnunuzi wa mahindi mwenye viatu vya tope, mwalimu aliyehamishwa anayesubiri nyumba, na afisa wa wilaya mwenye mafaili anayehitaji mwanga asome. Hakuna kati yao aliyekuja kutafuta bahari. Buluu ya mwenyeji wetu ilipendeza kule alikoipaka kwanza kwa sababu dirisha la kule lilileta bahari yenyewe chumbani. Dirisha la Kerenge linaleta mlima wa kijani na barabara nyekundu, na mbele ya vitu viwili hivyo ile buluu ilionekana kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake.

Nyumba nyingi za wageni za bara zina desturi ambayo wachoraji wa mahoteli makubwa huicheka. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha kiuno, hupakwa rangi nzito inayofutika, na sehemu ya juu hupakwa rangi nyepesi. Sisi hatuicheki. Aliyebuni mtindo huo alijua mahali mkoba unapoegemezwa, mahali mtoto anaposhika kwa mkono wenye mafuta, na mahali ufagio unaporushia vumbi. Dosari yake ni kwamba rangi ya mafuta huwekwa pale chini hasa ambapo unyevu wa ardhini hupandia. Palipo na msingi mzuri uliozuiwa maji haidhuru. Pasipo na msingi huo, malengelenge yatatoka.

(Tuongeze kwa pembeni kwamba rangi nyingine zina wenyewe. Mwenyeji wetu alipofikiria kijani na manjano, jirani alimuuliza papo hapo kama sasa anafungua gesti au ofisi ya tawi.)

Kuna jambo zito zaidi ambalo hatuna ruhusa ya kulipita. Rangi za mafuta zenye manjano kali na nyekundu kali kwa miaka mingi zimepata ung'avu wake kutokana na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo wao. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Hoteli inapokarabatiwa kuta za zamani hupigwa msasa, vumbi hujaa chumbani, na fundi hurudi nyumbani na vumbi hilo katika nguo zake akambeba mwanawe. Mgeni hulala siku tatu akaondoka. Fundi hukaa na vumbi lile maisha yake yote, na hatujaona hoteli inayomhesabu fundi katika orodha ya watu ambao rangi ya chumba inapaswa kuwapendeza. Angalau rangi ya zamani iloweshwe kwa maji kabla ya kukwanguliwa, na mkopo wa rangi mpya usinunuliwe kabla ya kusoma maandishi ya kopo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi na watumishi wa Serikali, ambao twajua wanaisoma safu hii hata pale wasipoipenda, watazame mambo mawili. Kwanza, maombi ya kukarabati nyumba za Mji Mkongwe kwa ajili ya hoteli yaeleze pia kuta za ndani zitapakwa nini na juu ya lipu gani. Mstari mmoja katika fomu watosha. Pili, zabuni za nyumba za Serikali za kupokea wageni ziache kutaja jina la rangi peke yake, na zitaje pia aina ya rangi na muda ambao lipu itaachwa ikauke. Mkandarasi anayelipwa kabla ya masika hupaka kabla ya masika, na anayerekebisha baadaye ni mwingine, kwa fungu jingine la fedha za umma. Kwa wenye mahoteli hatuna amri. Tunawakumbusha tu kwamba waashi wanaojua chokaa wanazeeka, na kijana hajifunzi kazi ambayo hakuna anayemwita kuifanya.

Ama mwenyeji wetu, tulikaa naye usiku mzima tukipiga hesabu. Vyumba vinne vilivyokuwa na lipu ya saruji aliamua kuviacha vikauke hadi kiangazi kipite. Vyumba vitatu vilikuwa bado matofali matupu, navyo atavipiga lipu ya chokaa. Mawe ya chokaa si haba mkoani Tanga. Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kinayategemea. Lakini alikuwa bado anaitaka buluu yake, na moyo wa fundi hauvunjwi. Hapo bibi mmoja mzee, shangazi yake, akatukumbusha jambo ambalo sisi wasomi tulikuwa tumelisahau, kwamba zamani walikuwa wakitia buluu ya kufulia, ile ya unga, ndani ya ndoo ya chokaa. Ukitia kidogo ukuta huwa mweupe zaidi ya mweupe, na ukizidisha hupata rangi ya anga ya asubuhi. Buluu hiyo haiharibiwi na ukali wa chokaa kama zinavyoharibiwa buluu nyingine.

Makopo sita aliyarudisha dukani kwa hasara. Mawili ameyaweka kwa ajili ya milango na fremu za madirisha, ambako rangi ya mafuta ina kazi yake halali. Chumba namba saba bado kina lipu tupu. Yeye anataka kukitia ile rangi ya anga, na mkewe anataka kipakwe ngeu, nyekundu ya udongo ule ule wa barabarani, ili vumbi likiingia lisionekane na yeye apumzike na kitambaa. Tulipopanda gari kurudi Tanga walikuwa bado hawajaafikiana.